Kisingizio cha Msikiti: Utawala wa Mabavu katika Asia ya Kati

Usiku wa kuamkia tarehe 13 Mei 2005, katika mji wa Andijan, mashariki mwa Uzbekistan, watu wenye silaha walivamia kambi ya askari, wakatwaa bunduki, wakavunja gereza na kuwatoa wafungwa. Miongoni mwa waliotolewa walikuwamo wafanyabiashara 23 ambao kesi yao ilikuwa imeendelea kwa miezi. Shtaka lao lilikuwa kwamba ni wafuasi wa kundi la Kiislamu lenye siasa kali. Majirani waliwajua kwa mambo mengine: walikuwa na karakana za samani na viwanda vya mikate, waliajiri vijana wa mtaani, waliwalipa vizuri, na walisaidia maskini.

Kulipopambazuka, maelfu ya watu walijaa katika uwanja mkuu wa mji. Wengi wao hawakuwa na silaha. Walisimama mmoja baada ya mwingine, wakalalamikia umaskini, ukosefu wa kazi, rushwa na mahakama zisizojua haki. Ulienea uvumi kwamba Rais Islam Karimov yu njiani anakuja kuwasikiliza, na wengine walibaki uwanjani kwa sababu hiyo. Waliokuja ni askari katika magari ya deraya. Serikali ilisema waliokufa ni 187. Mashahidi na watetezi wa haki za binadamu walisema ni mamia, wengi wao raia waliopigwa risasi wakikimbia. Uchunguzi huru wa kimataifa ulipoombwa, ulikataliwa.

Maelezo ya serikali ya Tashkent hayakukawia: hao ni magaidi wa Kiislamu waliotaka kusimamisha ukhalifa, na dola imelinda uthabiti wa nchi. Maelezo hayo yalikuwapo kabla ya risasi ya kwanza. Yalikuwa yametumika kwa zaidi ya miaka kumi, na yametumika tena na tena baadaye, Uzbekistan na kwa jirani zake. Nia yetu katika ukurasa huu ni kuyapima. Je, ni kweli kwamba katika nchi za Waislamu zilizotoka mikononi mwa Ukomunisti hakuna njia ila mbili, ama mtawala mmoja asiyepingwa, ama mashehe wenye bunduki?

Sisi wa Kenya tunaifahamu sauti hiyo. Kabla ya Desemba 1991, kifungu cha 2A cha katiba kilipofutwa, tuliambiwa kwamba vyama vingi maana yake ni vita vya makabila, na kwamba chama kimoja ndicho ukuta uliotutenga na maangamizi. Watu wa Tashkent waliambiwa maneno hayo hayo, ila mahali pa kabila paliwekwa dini.

Tuanze na watawala wenyewe. Muungano wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, jamhuri 5 za Asia ya Kati zilipata uhuru ambao viongozi wao hawakuupigania. Karimov alikuwa katibu wa kwanza wa Chama cha Kikomunisti cha Uzbekistan tangu Juni 1989. Nursultan Nazarbayev wa Kazakhstan alishika cheo kama hicho mwaka huo huo. Saparmurat Niyazov wa Turkmenistan alikuwa nacho tangu 1985. Askar Akayev wa Kyrgyzstan peke yake ndiye aliyetoka katika sayansi, si katika ofisi za juu kabisa za chama. Chama cha Uzbekistan kilibadilisha jina, kikaitwa cha Kidemokrasia cha Watu. Bango lilipakwa rangi mpya, wenye ofisi wakabaki vitini.

Walirithi pia namna ya kuitazama dini. Wakomunisti walifunga misikiti na vyuo, wakawafunga na kuwaua wanazuoni, na kuanzia 1927 wakaendesha kampeni ya kuwavua wanawake shela hadharani. Herufi za Kiarabu zilibadilishwa kuwa za Kilatini, na muda mfupi baadaye zile za Kilatini nazo zikabadilishwa kuwa za Kirusi, hata mjukuu akawa hawezi kusoma kitabu alichoachiwa na babu yake. (Wasomaji wetu wa Pwani, ambao nyumba zao huenda bado zina hati za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wataelewa hasara hiyo bila kuelezwa.) Kisha mwaka 1943, katikati ya vita vikuu, Moscow iliona kwamba dini iliyofungiwa kabatini inaweza kutumika. Ikaanzishwa Tashkent idara ya Waislamu chini ya mufti aliyekubaliwa na serikali. Tangu hapo palikuwa na Uislamu wa aina mbili: ule wenye muhuri, na ule wa nyumbani, wa bibi na mazishi na dua za usiku.

Milango ilipofunguka mwishoni mwa miaka ya 1980, Uislamu wa nyumbani ulitoka nje. Watu walichangishana, wakajenga misikiti kwa mikono yao. Ni kosa kulidhania jambo hilo kuwa uasi. Mtu aliyenyimwa jina la Mungu miaka sabini, akirudishiwa, hulitamka kwa sauti kubwa kidogo.

Siasa nayo iliamka wakati huo huo. Uzbekistan ilikuwa na vuguvugu la Birlik, lililoanzishwa 1988 na wasomi na waandishi, na baadaye chama cha Erk cha mshairi Muhammad Solih. Katika uchaguzi wa Desemba 1991 Solih alishindana na Karimov na kutangaziwa asilimia 12 ya kura. Huo ndio uliokuwa mwanzo na mwisho wa ushindani wa kweli. Mjini Namangan, katika Bonde la Ferghana, vijana wa kundi liitwalo Adolat, yaani haki, walikuwa wameanza kupiga doria mitaani, wakiwakamata wezi na kuwacharaza viboko hadharani. Hatuwasifu, kiboko ni kiboko, hata mshikaji awe na ndevu. Karimov alikwenda Namangan mwezi huo huo wa Desemba, akakuta umati unaomtaka atangaze dola la Kiislamu, naye ikambidi asimame na kusikiliza. Aibu ile hakuisahau. Machi 1992 Adolat ilipigwa marufuku na watu wake wakakamatwa.

Na waliofuata hawakuwa watu wa msikiti. Mwaka 1992 kiongozi wa Birlik, Abdurahim Pulat, alipigwa kwa vyuma barabarani mpaka akavunjika fuvu. Solih alikimbia nchi mwaka 1993. Gazeti la Erk lilizimwa. Alipokwisha kuwanyamazisha washairi, walimu na waandishi, Karimov aliigeukia tena dini. Shehe Abdulvali Mirzaev wa Andijan, aliyependwa sana na vijana, alitoweka katika uwanja wa ndege wa Tashkent Agosti 1995 akiwa safarini. Hakuonekana tena. Kosa la mashehe kama yeye lilikuwa kukataa kumwombea rais katika hotuba na kukataa kumpelekea polisi habari za waumini wao.

Mwezi Mei 1998 Karimov aliliambia bunge kwamba watu wa namna hiyo yafaa wapigwe risasi kichwani, na kwamba ikibidi atawapiga mwenyewe. Mabomu yalipolipuka Tashkent tarehe 16 Februari 1999 na kuua watu zaidi ya 10, zilianza kamatakamata ambazo Uzbekistan haikuwa imeziona tangu enzi za Stalin. Kamati za mtaa, ziitwazo mahalla, ambazo desturi yao ni kusaidia harusi na misiba, ziliamriwa kuandika majina ya wanaosali sana. Ndevu zikawa ushahidi. Ujumbe wa karatasi uliokutwa mfukoni ukawa miaka 15. Watetezi wa haki za binadamu walikadiria wafungwa wa dini kuwa maelfu kadhaa. Katika jangwa la Karakalpakstan lilifunguliwa gereza la Jaslyk, na Agosti 2002 miili ya wafungwa wawili ilirudishwa kwao kutoka humo ikiwa imeungua kwa maji ya moto. Mwishoni mwa mwaka huo Theo van Boven, mchunguzi wa mateso wa Umoja wa Mataifa, aliitembelea nchi hiyo akasema kwamba mateso ndani yake ni utaratibu, si ajali.

Mtu atatuuliza: Je, hatari haikuwapo? Ilikuwapo. Viongozi wawili waliotoka Namangan, Tohir Yuldashev na Juma Namangani, waliunda mwaka 1998 jeshi lao, Harakati ya Kiislamu ya Uzbekistan, wakapata hifadhi kwa Taliban wa Afghanistan. Mwaka 1999 na 2000 wapiganaji wao waliingia Kyrgyzstan na Uzbekistan, wakaua na kuteka watu. Hawakuwa watetezi wa mtu yeyote. Lakini tazameni mfuatano wa mambo. Jeshi hilo halikuwapo wakati Birlik ilipopigwa. Halikuwapo wakati Shehe Mirzaev alipotoweka. Mtawala alifunga bunge, akafunga gazeti, akafunga uwanja wa mikutano, msikiti ukabaki peke yake. Kisha akaunyoshea kidole akisema: tazameni, wapinzani wangu wote wako msikitini! Akaufunga nao. Waliobaki na hasira na miguu walikwenda milimani, naye akawaonyesha wageni kutoka nje kuwa uthibitisho kwamba alikuwa anasema kweli tangu zamani.

Wageni hao walimwamini, au ilifaa waonekane wamemwamini. Baada ya Septemba 2001 Marekani ilipewa kambi ya ndege huko Khanabad, na maneno juu ya Jaslyk yakawa ya chinichini. Craig Murray, balozi wa Uingereza aliyeyasema kwa sauti, aliondolewa Tashkent mwaka 2004. Karimov alipokosana na Wamarekani kwa ajili ya Andijan aliwafukuza kambini, na hakukosa marafiki: siku zisizofika 15 tangu mauaji alikuwa Beijing akipokewa kwa heshima za kitaifa. Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo Oktoba 2005, ukaviondoa kidogo kidogo, cha mwisho Oktoba 2009, bila ya uchunguzi uliokuwa umedaiwa.

Hapa tungependa kusema na wasomaji wetu wa makanisani. Kuna Wakristo ambao husikia habari hizi na kuona ni ugomvi wa Waislamu wao kwa wao, pengine hata kufurahi kimoyomoyo kwamba yupo wa kuwadhibiti. Mtego wa panya huingia aliyemo na asiyekuwamo. Sheria ya dini iliyopitishwa Uzbekistan mwaka 1998, kwa jina la kupambana na siasa kali za Kiislamu, ilidai watu wazima 100 ili kanisa liandikishwe, ikakataza kuhubiria watu wa dini nyingine, ikakataza kufundisha dini nyumbani. Waliokuwa wakikutana sebuleni kusoma Biblia, Wabaptisti na Wapentekoste na Mashahidi wa Yehova, walivamiwa na polisi, vitabu vyao vikachomwa kwa amri ya mahakama. Turkmenistan ilidai watu 500, na kwa miaka kadhaa ni Waislamu wa Kisunni na Kanisa la Kiorthodoksi la Kirusi pekee waliotimiza masharti. Nchini Tajikistan, sheria ya 2011 iliwakataza watoto walio chini ya miaka 18 kushiriki ibada za hadhara isipokuwa mazishi. Sheria hiyo ililengwa msikitini, lakini mtoto wa kanisa naye yumo ndani yake. Mlinda mlango akipewa ufunguo wa nyumba ya jirani yako, huwa amepewa na wa kwako.

Tajikistan yastahili tukae nayo zaidi, maana ndiyo inayotajwa kila mara kuwa onyo. Karimov hakuchoka kuwaambia watu wake: mkitaka demokrasia, tazameni ng'ambo ya mpaka. Na kweli, ng'ambo ya mpaka palikuwa pakiungua. Katika chemchemi ya mwaka 1992 mikutano miwili ya hadhara ilikaa ikitazamana mjini Dushanbe, mmoja katika uwanja wa Shahidon, mwingine katika uwanja wa Ozodi, mpaka serikali ikagawa bunduki kwa watu wake. Vita vilivyofuata viliua makumi ya maelfu na kuwatoa mamia ya maelfu makwao. Wengi walivuka mto Amu wakaingia Afghanistan, nchi ambayo yenyewe ilikuwa vitani.

Lakini je, vilikuwa vita vya dini? Upande wa upinzani kilikuwapo Chama cha Mwamko wa Kiislamu, ndiyo. Pamoja nacho walikuwapo wanademokrasia wa mjini, na watu wa milima ya Pamir, ambao ni Waismailia, wafuasi wa Aga Khan, jumuiya ile ile ambayo wasomaji wa Nairobi na Mombasa wanaijua kwa hospitali na shule zake. Shehe wa Kisunni mwenye siasa kali hawezi kuwachukua Waismailia kuwa ndugu zake wa vita. Waliowaunganisha si aya za Kurani. Waliunganishwa na ramani. Kwa miaka mingi ya Ukomunisti vyeo vya juu vilikuwa vya watu wa Khujand, kaskazini. Watu wa Kulob walikuwa wasaidizi wao. Watu wa Gharm na Pamir walibaki nje wakichungulia. Wengi wa Gharm walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutoka milimani wakapelekwa mashamba ya pamba ya kusini, wakapandwa kando ya watu wa Kulob kama miche miwili katika shimo moja. Ugomvi wa ardhi na vyeo ulipolipuka, kila upande ulivaa nguo iliyokuwa karibu. Wakenya waliosoma habari za Molo na Burnt Forest za mwaka 1992 hawahitaji tuendelee.

Novemba 1992 bunge lililokutana Khujand lilimchagua Emomali Rahmonov, mkuu wa shamba la serikali huko Danghara, kuwa kiongozi. Alishinda kwa msaada wa majeshi ya Urusi na ya Karimov, lakini hakuweza kumaliza vita. Sasa ndipo panapokuja jambo ambalo wasifuji wa utawala wa mabavu hulirukia. Vita vya Tajikistan havikumalizwa kwa nguvu. Vilimalizwa mezani. Umoja wa Mataifa ulisimamia mazungumzo tangu 1994. Urusi na Iran zilisukuma. Na Taliban walipouteka Mji wa Kabul Septemba 1996 pande zote mbili ziliona kwamba moto mkubwa zaidi unakaribia. Tarehe 27 Juni 1997, mjini Moscow, Rahmonov na Said Abdullo Nuri, kiongozi wa upinzani wa Kiislamu, walitia sahihi mapatano. Upinzani ulipewa asilimia 30 ya vyeo vya serikali. Wapiganaji wake waliingizwa katika jeshi la taifa. Akbar Turajonzoda, kadhi aliyekuwa ameitwa mhaini, alifanywa naibu waziri mkuu mwaka 1998. Mwaka 1999 katiba ilibadilishwa ili kuruhusu chama cha dini, na Chama cha Mwamko wa Kiislamu kikaandikishwa, pekee cha namna hiyo kilichokuwa halali katika Asia ya Kati yote.

Je, ukhalifa ulikuja? Katika uchaguzi wa mwaka 2000 chama hicho kilipata viti 2 kati ya 63. Mwaka 2005 kilipata viti 2. Mwaka 2010, viti 2. Uchaguzi haukuwa safi, na huenda kilistahili zaidi. Hata hivyo hakikurudi porini. Wabunge wake walisimama bungeni wakalalamika juu ya sheria za dini, rushwa na vibarua wanaokwenda kufa njaa Urusi, kisha wakarudi nyumbani kulala. Nuri alikufa kitandani mwake mwaka 2006. Aliyemrithi, Muhiddin Kabiri, alikuwa mtu wa tai na suti.

Sisi wenyewe hatuna mapenzi makubwa na vyama vya dini, vya msikiti wala vya kanisa. Lakini tunakumbuka mwaka 1992, serikali ya Kenya ilipokataa kuandikisha Islamic Party of Kenya, na mitaa ya Mombasa ikajaa mabomu ya machozi. Wengi wetu tuliokuwa tukipigania vyama vingi tuliona ni jambo la wengine. Tulikosea. Chama kinachokataliwa debe la kura hakifi kwa kukataliwa; hukosa tu mahali pa kuhesabiwa, na nchi nzima hukosa kujua uzito wake ni viti vingapi. Tajikistan ilipata kujua. Ulikuwa viti viwili.

Kwa nini basi Rahmonov, ambaye tangu 2007 amejiita Rahmon, alikivunja? Tunaamini ni kwa sababu kilikuwa chama cha mwisho cha upinzani kilichobaki na watu. Chama cha Demokrasia kilikuwa kimepasuliwa. Wakuu wa vita wa pande zote mbili walikuwa wameondolewa mmoja mmoja, walioshindwa na hata walioshinda. Machi 2015 Chama cha Mwamko kilitangazwa kukosa hata kiti kimoja, na maimamu, ambao tangu mwaka uliotangulia walikuwa wakilipwa mshahara na serikali, walihubiri Ijumaa kwamba kifungwe. Septemba mwaka huo naibu waziri wa ulinzi, Jenerali Abduhalim Nazarzoda, aliasi na kuuawa milimani. Serikali ilisema chama ndicho kilichomtuma, chama kilikana. Tarehe 29 Septemba Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kundi la kigaidi. Juni 2016 manaibu wa Kabiri, Saidumar Husaini na Mahmadali Hayit, walihukumiwa kifungo cha maisha katika kesi iliyofanyika milango imefungwa. Kabiri alikuwa amekwisha kuondoka nchini.

Muda mfupi kabla ya hukumu hiyo, Mei 2016, wananchi waliitwa kupiga kura ya maoni. Waliulizwa mambo mengi kwa swali moja: kupiga marufuku vyama vya dini, kumruhusu Rahmon, aliyekwisha kupewa cheo cha Kiongozi wa Taifa, agombee urais bila kikomo, na kushusha umri wa kugombea urais kutoka miaka 35 hadi 30. Mwanawe Rustam alizaliwa 1987. Mwenye macho aone marufuku ya dini iliwekwa kando ya nini.

Utulivu uliopatikana ni wa namna gani? Mwaka 2015 polisi wa mkoa wa Khatlon waliwanyoa ndevu wanaume karibu 13,000 na kulitangaza jambo hilo kama ushindi. Mwezi Mei mwaka huo huo Kanali Gulmurod Khalimov, mkuu wa kikosi maalumu cha polisi, mtu aliyefunzwa hata Marekani kupambana na magaidi, alionekana katika filamu akiwa amejiunga na Dola la Kiislamu huko Syria. Hakutoka katika chama cha Nuri. Alitoka katika ofisi ya ulinzi. Julai 2018 waendesha baiskeli wanne wa kigeni waliuawa barabarani huko Danghara. Dola la Kiislamu likajitangaza na kuonyesha filamu ya wauaji, serikali ikashikilia kwamba ni kazi ya Chama cha Mwamko. Machi 2024 watu zaidi ya 140 waliuawa katika ukumbi wa tamasha karibu na Moscow, na waliokamatwa kwa kufyatua risasi walikuwa raia wa Tajikistan. Vijana wa miaka hii hawana Nuri wa kuwakalisha mezani. Yule aliyeweza kusema nao kwa lugha ya dini na kuwaambia warudi kazini yuko gerezani, au uhamishoni.

Na watu wa Pamir? Hao si Wasunni, wala hawana hamu ya ukhalifa. Mei 2022 majeshi yalipelekwa kwao Badakhshan, makumi wakauawa, na viongozi wa mitaa wakafungwa miaka mingi. Neno lililotumika lilikuwa lile lile: magaidi.

Juu ya Turkmenistan tutasema kidogo, maana inatufundisha jambo moja tu, lakini kubwa. Niyazov aliandika kitabu chake, Ruhnama, akaamuru kiwekwe misikitini, na maneno yake yakachongwa katika kuta za msikiti mkuu aliojenga kijijini kwao Gypjak pamoja na aya za Kurani. Mufti aliyepata kuwa mkuu wa Waislamu wa nchi, Nasrullah ibn Ibadullah, alifungwa miaka 22 mwaka 2004. Kwa hiyo tusiseme kwamba watawala hawa wanaiogopa dini. Wanaitaka, ila wawe wao kibla chake.

Wapo watakaotuonyesha Kyrgyzstan. Ndiyo nchi iliyokuwa na nafasi zaidi, na marais wake wameangushwa na umma mwaka 2005, 2010 na 2020. Juni 2010 Wakyrgyz na Wauzbeki waliuana Osh na Jalal-Abad, na mamia wakafa. Hatulifichi hilo. Lakini damu ya Osh haikumwagwa na msikiti, na Akayev na Bakiyev waliangushwa baada ya kuanza kuwapa watoto na jamaa zao mali ya nchi, si kabla. Tuwaonyeshe nasi Kazakhstan, iliyosifiwa miaka 30 kuwa nyumba ya utulivu chini ya Nazarbayev. Januari 2022 bei ya gesi ya magari ilipanda huko Zhanaozen, na kwa siku chache maandamano yakafika Almaty, majengo ya serikali yakaungua, majeshi ya Urusi yakaitwa, na watu 238 wakafa kwa hesabu ya serikali yenyewe. Rais Tokayev alisema magaidi 20,000 ndio walioshambulia. Hao 20,000 hawakuonyeshwa. Funika kombe mwanaharamu apite, husema wahenga. Lakini kombe likifunikwa miaka 30 juu ya moto, anayepita wa kwanza ndiye huungua.

Karimov alikufa Septemba 2016. Hakuna ukhalifa uliosimama kesho yake. Shavkat Mirziyoyev, waziri mkuu wake wa miaka 13, alishika madaraka, na mwaka 2017 yakafutwa majina kama 16,000 kutoka orodha ya polisi ya watu waliodhaniwa kuwa na siasa kali. Jaslyk lilifungwa 2019. Nchi haikuanguka kwa hilo. Kama watu 16,000 wangeweza kuondolewa orodhani kwa mwaka mmoja bila ya dhara, nani atawalipa miaka yao? Hata hivyo tusipige vigelegele mapema: Julai 2022 waandamanaji walipigwa risasi Nukus, watu 21 wakafa, na Aprili 2023 katiba ilibadilishwa ili rais aanze kuhesabiwa vipindi upya, kila kimoja miaka 7.

Tuwakumbuke, katika maombi na katika barua kwa wakubwa, mawakili wa Dushanbe. Buzurgmehr Yorov alikubali kuwatetea viongozi wa chama kilichofungwa. Alikamatwa mwishoni mwa Septemba 2015, kabla kesi yao haijaanza kusikilizwa, na Oktoba 2016 akahukumiwa miaka 23. Mwenzake, Nuriddin Makhkamov, miaka 21. Mwaka 2017 Yorov aliongezewa miaka 2 kwa kuidharau mahakama, kwa kuwa alipokuwa akijitetea aliwasomea mahakimu ubeti wa Omar Khayyam, mshairi aliyekufa katika karne ya 12.